Rupia tatu, askari mmoja, nyumba themanini

Kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani tarehe 1 Aprili 1898, kwa amri iliyotolewa Novemba mwaka uliotangulia, zama za Gavana Eduard von Liebert. Kiwango cha vijijini kilikuwa rupia 3 kwa nyumba moja kwa mwaka. Mijini kilikuwa kikubwa zaidi. Rupia 3 zilikuwa sawa na mark 4 za Kijerumani kwa kiwango kilichopangwa baadaye, na Waingereza walipoleta shilingi mwanzoni mwa miaka ya 1920, rupia moja ikihesabiwa shilingi 2, kodi ile ile ilisomeka shilingi 6.

Kiasi hicho mara nyingi huelezwa kwa sentensi moja: Mjerumani alitoza kodi ili alipie utawala wake na jeshi lake, watu wakachoka, wakaasi. Sentensi hiyo ina madai matatu, na kila dai linaweza kupimwa. Mahali pazuri pa kuanzia ni miteremko ya Kilimanjaro iliyo juu ya Rau, Moshi, yaani Uru na Moshi ya Zamani, kwa sababu huku boma la askari lilitangulia kodi kwa miaka kadhaa. Aliyetakiwa kulipa rupia zake 3 alikwisha kumjua anayezidai.

Tuanze na askari. Askari wa cheo cha chini katika jeshi la Kijerumani alilipwa takribani rupia 20 kwa mwezi. Waliokuwa na vyeo walipata zaidi, lakini tushike cha chini ili tusionekane tunavuta hesabu upande mmoja. Kwa mwaka ni rupia 240. Gawanya kwa 3, unapata 80. Yaani nyumba 80 zikilipa kodi yote, kwa fedha taslimu na bila hata moja kukwepa, zinamlipa mshahara askari mmoja. Hapo hakuna bunduki yake, risasi zake, posho yake wala mshahara wa ofisa anayemwamuru.

Sasa chukua kampuni nzima. Kampuni moja ilikuwa na askari wapatao 160. Mishahara yao kwa mwaka ni rupia 38,400, ambazo ni kodi ya nyumba 12,800. Nimetumia kampuni kama kipimo tu, kwa kuwa idadi ya askari waliokaa katika boma la Moshi ilibadilika kulingana na hali. Lakini hata ukiikata kampuni nusu, bado unahitaji nyumba 6,400 ambazo kila moja imehesabiwa, imeandikwa na imelipa. Dhana iliyojificha hapa ni kwamba kodi ililipwa kwa fedha. Katika miaka ya mwanzo haikuwa hivyo. Ilikubalika kulipa kwa mazao, mifugo au kazi, na mbuzi aliyefikishwa bomani si rupia mpaka apatikane mnunuzi.

Kwa koloni zima picha haibadiliki. Mwaka 1914 jeshi lilikuwa na askari 2,472. Kwa rupia 240 kila mmoja, mishahara pekee inafika rupia 593,280 kwa mwaka, sawa na nyumba 197,760. Juu ya hapo kulikuwa na maofisa na masajini wa Kijerumani zaidi ya 200, na kikosi cha polisi ambacho nacho kilikuwa na askari zaidi ya 2,000. Berlin ilijua hesabu hizi. Baada ya 1907, chini ya waziri wa makoloni Bernhard Dernburg, kanuni ilikuwa kwamba koloni lijitegemee kwa gharama za utawala wa kiraia, nazo gharama za jeshi zibebwe na hazina ya Ujerumani. Kwa maneno mengine, wenye jeshi wenyewe walikubali kwamba rupia 3 za mwananchi hazitoshi kulilipia.

Dai la kwanza basi linayumba. Ikiwa kodi haikutosha jeshi, ilikuwa ya nini? Jibu moja lilitolewa na watawala wenyewe bila kificho: kodi ilikusudiwa kumfundisha Mwafrika kufanya kazi ya ujira. Jibu hilo nalo lipimwe. Katika mashamba ya walowezi ya Usambara, ujira wa siku 30 za kazi ulikuwa karibu rupia 9 hadi 12. Kwa rupia 9, kodi ya nyumba ni kazi ya siku 10. Kwa rupia 12, ni siku saba na nusu. Ingekuwa nia ni kujaza hazina peke yake, siku 10 zingetosha, mtu akarudi kwake.

Siku 10 hazikumtosha mlowezi. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, ilianzisha kadi ya kazi: kila mwanamume alitakiwa kufanya kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa, na asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za umma. Siku 30 mara tatu ni 90 kwa mwaka. Weka 90 kando ya 10. Kodi ilidai moja ya tisa ya muda ambao kadi ilidai. Mimi huisoma tofauti hiyo kama kipimo cha kilichohitajiwa hasa, maana kama rupia 3 zingeweza peke yake kuwatoa watu kwenye migomba yao, kadi isingetungwa. Na tukumbuke kwamba siku 30 za kazi hazikuwa siku 30 za kalenda. Siku ambayo mtu aliugua, au aliyokataliwa na msimamizi, haikuandikwa.

Kuna swali jingine ambalo wanaotaja rupia 3 hulipita haraka: rupia 3 juu ya nini? Kodi ya nyumba humhesabu mwenye nyumba, na kodi ya kichwa humhesabu mwanamume mtu mzima. Machi 1905, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, mfumo ulielekezwa kwenye kichwa. Kwenye kihamba cha Mchagga, yaani shamba la familia lenye makazi yake, mabadiliko hayo si madogo, kwa kuwa kila mke alikuwa na nyumba yake. Mzee mwenye wake watatu, kwa kodi ya nyumba, anadaiwa rupia 9. Kijana wake wa miaka ishirini anayelala kwa mama yake hadaiwi kitu. Geuza iwe kodi ya kichwa: mzee anadaiwa 3, kijana 3. Kihamba kimeshuka kutoka rupia 9 hadi 6, na hazina imepoteza theluthi. Lakini kihamba cha jirani, chenye nyumba moja, baba na vijana wawili wakubwa, kimepanda kutoka 3 hadi 9. Kiwango ni kile kile kwenye karatasi. Aliyebebeshwa ni kijana asiye na mke, yaani yule yule ambaye shamba la mlowezi lilimtafuta.

Turudi kwenye boma, kwa sababu mpangilio wa tarehe una maana yake. Rindi, mangi wa Moshi ambaye Wazungu walimwita Mandara, alifariki mwaka 1891. Mwanawe Meli alipigana na Wajerumani mwaka uliofuata, na katika vita vya Juni 1892 kiongozi wao, von Bülow, aliuawa. Agosti 1893 von Schele, aliyekuja kuwa gavana baadaye mwaka huo, alipanda mlima mwenyewe na kikosi kikubwa, akamshinda Meli. Kodi ikaja 1898, miaka mitano baadaye. Kwa hiyo huwezi kusema Moshi ilipigana kwa ajili ya kodi. Ilipigana kabla haijatajwa.

Tarehe 2 Machi 1900, Meli alinyongwa Moshi pamoja na viongozi wengine, jumla watu 19. Miongoni mwao walikuwa Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha, na wengine walitoka Meru na Arusha. Shtaka lilikuwa njama ya uasi, na ushahidi wake umepingwa tangu wakati huo, hasa kwa kuwa mashtaka yaliwanufaisha mahasimu wao mlimani. Kwa anayehesabu, linalobaki ni kwamba kati ya kuanza kwa kodi na kunyongwa kwa viongozi ilipita miezi 23, na katika siku moja mlima ulipoteza sehemu kubwa ya watu ambao wangeweza kukataa kwa niaba ya wengine.

Hilo linasaidia kueleza jambo ambalo vinginevyo lingeonekana geni. Vita vya Maji Maji vilipoanza Julai 1905, Kilimanjaro haikuingia. Rupia 3 zilikuwa zile zile. Anayedai kodi ilileta uasi kusini anapaswa kueleza kwa nini haikuuleta kaskazini. Maelezo yapo, ila hayamo kwenye kiwango cha kodi. Kaskazini mashamba ya ujira yalikuwa karibu, na kahawa iliyoanza kwenye misheni ya Kilema ilikuwa ikienea. Na kaskazini watu 19 walikuwa wamekwisha kufa. Ukimya wa mlima haukuwa risiti ya kuridhika.

Kusini hesabu ilikuwa mbaya kwa namna yake. Chini ya mpango wa mashamba ya pamba ya jumuiya, watu walifanya kazi kwenye shamba la jumbe siku 28 kwa mwaka, na mapato yakagawanywa kati ya wafanyakazi, wakuu wao na chombo cha kuuza pamba. Katika mgawo wa kwanza kila mfanyakazi aliambulia senti 35. Rupia moja ni senti 100. Kulipa kodi ya rupia 3 kwa senti 35 kwa mwaka kungechukua miaka minane na nusu na kitu, na kila mwaka deni jipya la rupia 3 lingeongezeka. Linganisha na Usambara: siku 28 kwa rupia 9 za siku 30 zingezaa rupia 8 na senti 40. Kazi ya siku zile zile ililipa mara 24 zaidi. Rupia 3 za Umatumbi huko kusini na rupia 3 za Usambara zinaandikwa sawa, lakini mtu akizigeuza kuwa siku za jembe haziwezi kuwekwa kwenye safu moja.

Gharama ya vita hivyo ina makadirio yanayotofautiana sana. Upande wa Wajerumani waliuawa Wazungu 15, askari 73 na wasaidizi wa Kiafrika 316, jumla 404. Upande wa pili, hesabu ya Wajerumani wenyewe ilifika 75,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Tofauti kati ya 75,000 na 300,000 ni mara nne, nayo inatosha kumtia mtu shaka kila anaposoma namba moja tu.

Kuna hesabu ambayo afisa wa hazina angeweza kuifanya, baridi jinsi ilivyo. Tuchukulie watu watano kwa nyumba. Vifo 75,000 ni nyumba 15,000, yaani rupia 45,000 za kodi kila mwaka, mishahara ya askari 187. Kwa kadirio la 250,000, ni nyumba 50,000 na rupia 150,000, mishahara ya askari 625, robo ya jeshi lote la 1914. Dhana ya watu watano ni yangu, na familia nyingi hazikufa zote. Lakini hata ukiipunguza nusu, jeshi liliteketeza sehemu ya kodi ambayo ilisemwa inalilipia.

Hesabu hizi za kodi na jeshi hazikuanzia Afrika. Uingereza ilimaliza Vita vya Miaka Saba mwaka 1763 ikiwa na deni la pauni zaidi ya milioni 130, kutoka takribani milioni 75 kabla ya vita. Ikaamua kuweka askari wapatao 10,000 katika makoloni yake ya Amerika Kaskazini, kwa gharama iliyokadiriwa kuzidi pauni 200,000 kwa mwaka. Sheria ya Stempu ya 1765 ilitarajiwa kuleta pauni 60,000. Hata kwa kadirio la chini la gharama, hiyo ni asilimia 30, karibu na theluthi. Haikuleta hata hizo, kwani sheria ilifutwa Machi 1766 baada ya maandamano na mgomo wa bidhaa.

Kisha askari walipelekwa Boston mwaka 1768. Mji ulikuwa na watu karibu 16,000, na katika kilele askari walikaribia 2,000, yaani mmoja kwa kila wakazi wanane. Mwaka 1914 Afrika Mashariki ya Kijerumani, yenye watu takribani milioni saba na nusu, ilikuwa na askari mmoja kwa kila watu 3,000 hivi. Ukiishia kwenye wastani, utasema Boston ilibanwa zaidi kuliko Moshi. Wastani huo hauna maana kubwa. Askari wa Boston walikaa mtaani wakigombania vibarua na wenyeji, na usiku wa 5 Machi 1770 risasi zao ziliua watu watano. Askari wa Afrika Mashariki ya Kijerumani walitembezwa, wakakusanyika walipotakiwa, na pale walipofika uwiano haukuwa 1 kwa 3,000.

Chai ndiyo hesabu ninayoipenda zaidi katika mkasa ule. Kodi ya chai ilikuwa peni 3 kwa ratili, na Sheria ya Chai ya 1773 iliifanya chai ya Kampuni ya Mashariki ya India kuwa nafuu kuliko awali. Desemba mwaka huo watu walitupa baharini masanduku 342, zaidi ya ratili 92,000, zenye thamani ya pauni 9,659. Kodi ya mzigo wote ingekuwa pauni 1,150. Waliharibu mali ya thamani mara nane ya kodi waliyoikataa, tena ya bidhaa iliyoshuka bei. Makadirio yanayotajwa sana husema Mwingereza wa nyumbani alibeba kodi ya shilingi 26 kwa mwaka, na mkoloni wa Massachusetts shilingi 1. Namba hizo huachia nje kodi ambazo makoloni yalijitoza yenyewe, kwa hiyo zisitumiwe bila tahadhari. Hata hivyo, uzito wa mzigo peke yake hauelezi chai iliyomwagwa.

Nyumba ya Rau leo nayo ina kodi yake, na inafaa kuiweka mezani. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia. Kuanzia Julai 2023 nyumba ya kawaida hulipa shilingi 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka. Tukichukulia kibarua wa mtaani anapata 10,000 kwa siku, hiyo ni chini ya siku mbili za kazi, dhidi ya siku saba na nusu hadi 10 za kibarua wa Usambara wa wakati ule. Gharama ya ukusanyaji imeshuka mno, kwa kuwa anayekata ni mita ya umeme. Malalamiko yaliyosikika hayakuhusu sana zile 1,500. Yalihusu mpangaji anayenunua umeme na kujikuta analipa kodi ya mwenye nyumba. Ni swali la nyumba au kichwa, kwa sura nyingine.

Kisa kinachotenganisha vizuri zaidi kiwango na utaratibu kiko jirani, milima ya Pare. Miaka ya 1940 wilaya hiyo iliongezewa, juu ya kodi ya kawaida, kodi ya ngazi ambayo Wapare waliiita mbiru: kila mtu alikadiriwa kwa mali yake, na mwenye nacho akalipa zaidi. Kwa vitabu vya uchumi ni kodi ya haki kuliko ile ya sare. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani hadi Same, makao ya wilaya, wakapiga kambi wakidai iondolewe. Mgogoro uliendelea kwa miaka, na wanawake nao wakaingia, hasa Usangi. Mwaka 1947 mbiru iliachwa. Badala yake ilikuja kodi ya sare ya kiwango cha juu zaidi.

Pima hilo kwa mfano wa kubuni. Kijiji kina walipakodi 100. Kwa ngazi, 70 wanalipa shilingi 2 kila mmoja, 20 wanalipa 6, na 10 wanalipa 15. Jumla ni 140, 120 na 150, yaani shilingi 410. Ili kupata 410 kwa kiwango sare, kila mmoja atalipa 4 na senti 10. Wale 70, ambao ndio wengi, wamepanda zaidi ya mara mbili, na ndio hao waliotembea hadi Same. Kwa kuangalia kodi yao peke yake, walidai jambo lililowaumiza.

Ongeza kwenye mfano mkadiriaji mmoja. Hana mizani wala daftari la mauzo. Anaingia boma la ng'ombe, anatazama shamba la kahawa, anaandika. Akiwahamisha watu 20 kati ya wale 70 kutoka ngazi ya 2 hadi ya 6, kijiji kinalipa 490, ongezeko la karibu asilimia 20, bila mtu yeyote kutajirika hata kwa mbuzi mmoja. Mwenye shilingi 2 hajui kama mwakani atabaki hapo au atapelekwa 6, na anayeamua ni mtu wa chifu anayekaa naye kijiji kimoja, pengine mwenye kesi naye ya mpaka. Shilingi 4 na senti 10 ni ghali zaidi kuliko 2, lakini ni rahisi kuliko 6, na kila mtu kijijini anaweza kuitaja kabla mkusanyaji hajabisha hodi.